Bia za viwanda vidogo: namna ya kulinganisha zinazonywewa nyumbani Malindi na zinazonywewa safarini

Mkaazi wa Casuarina (Malindi) aliuliza:

Wapenzi wenzangu wa bia, salamu kutoka Malindi. Naomba mwongozo katika jambo ambalo limekuwa likizua ubishi barazani kwetu karibu kila Jumamosi jioni. Sisi ni kikundi cha majirani na mashemeji, na kwa kuwa baadhi yetu tumeoa au kuolewa katika familia za Kiitaliano, hakosekani mtu wa kwenda Italia ya kaskazini akarudi na chupa chache sandukuni, wala hakosekani mwingine wa kwenda Nairobi kwa shughuli zake akarejea na bia za viwanda vidogo vya huko. Hatunywi kwa wingi. Tunachokipenda ni kugawana chupa moja watu kadhaa, kuinusa, kuionja kwa utulivu na kisha kubishana.

Ubishi wenyewe ni huu. Ipo pilsna moja (aina ya laga nyepesi ya dhahabu) ya kiwanda kidogo cha Lombardia ambayo nilipoinywa katika baa ya kiwanda chenyewe ilikuwa na harufu ya majani mabichi na maua, na uchungu wake ulikuwa safi, ukikatika mara tu unapomeza. Chupa ya bia hiyo hiyo ilipofunguliwa hapa Malindi ilinukia asali, harufu ya majani ilikuwa imetoweka, na uchungu ulikuwa umekuwa mzito na usio na mwelekeo. Tuliionja pamoja na eli (bia inayochachushwa katika joto zaidi kuliko laga) ya rangi ya dhahabu kutoka Nairobi, na shemeji yangu akatangaza kwamba Wakenya wamewashinda Waitaliano. Mimi nikapinga, yeye akasema ulimi wangu umelewa mandhari ya Alpi na si bia, na tangu siku hiyo hatujaelewana.

Je, ipo njia ya haki ya kulinganisha bia iliyonywewa kwao na bia iliyosafiri? Tupeane alama, au tuandike maelezo tu? Na ni aina gani za bia zinazostahili kubebwa hadi mji kama huu wetu, ambako mwezi wa Machi joto la mchana hufika nyuzi 32 na umeme hukatika bila taarifa?

Mstaafu wa Maabara (Watamu) alijibu:

Ndugu Mkaazi, kabla ya kustaafu na kuhamia Watamu nilifanya kazi kwa muda mrefu katika maabara ya kiwanda cha bia, na swali lako ndilo hasa lililokuwa likitulipia mishahara. Chupa uliyoifungua Malindi na glasi uliyoinywa kule Lombardia zilikuwa na jina moja tu. Bia huanza kuzeeka siku ile ile inapofungwa, na kasi ya kuzeeka kwake huamuliwa na joto, na oksijeni iliyobaki ndani ya shingo ya chupa, na mwanga.

Watengenezaji wa bia wana kanuni ya kukadiria inayosema kwamba siku 3 katika nyuzi 32 huizeesha bia sawa na siku 30 katika nyuzi 22, au siku 300 katika nyuzi 3. Ni makadirio tu, na kila bia ina tabia yake, lakini yanatosha kukuonyesha gharama ya buti la basi kutoka Nairobi hadi Malindi, au ya sanduku lililoachwa chumbani bila kufunguliwa tangu Ijumaa hadi Jumatatu wakati wa kaskazi. Harufu ya hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu, ndiyo hutangulia kuondoka, kwa kuwa mafuta yake ni mepesi. Kisha uchungu hupoteza makali, halafu huja utamu unaokumbusha asali, na mwisho wa yote ladha ya boksi lililolowa, ambayo wanakemia huihusisha na kemikali iitwayo nonenali. Hiyo asali uliyoinusa katika pilsna yako ni hatua ya kati ya safari hiyo, wala hukuiota.

Utauliza mbona laga ya kawaida inayouzwa dukani Garsen, mahali penye jua kali kushinda hapa, haionekani kubadilika. Sababu ya kwanza ni kwamba bia za viwanda vikubwa hupashwa moto ili kuua vijidudu, mbinu iliyopewa jina la Louis Pasteur, ambaye mwaka 1876 alichapisha utafiti mzima kuhusu bia na magonjwa yake. Ya pili ni kwamba mitambo yao huacha oksijeni kidogo mno ndani ya chupa. Na ya tatu, ambayo watu wengi huisahau, ni kwamba laga kama Tusker haikukusudiwa kuwa na harufu nyingi ya hopsi tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna kikubwa cha kupotea njiani. Silisemi hili kwa dharau. Kutengeneza bia inayofanana leo na mwakani, Mombasa na Mandera, ni ustadi mgumu kuliko wengi wanavyodhani.

Sasa waangalie Waitaliano. Sheria yao namba 154 ya mwaka 2016 inaeleza kwamba bia haiwezi kuitwa ya ufundi ikiwa imepashwa moto au kuchujwa kwa chujio laini mno, na kwamba kiwanda kinachoitengeneza lazima kiwe huru na kisizalishe zaidi ya hektolita 200,000 (lita milioni 20) kwa mwaka. Tangu Teo Musso aanzishe Baladin katika kijiji cha Piozzo mwaka 1996, na mwaka huo huo Agostino Arioli na wenzake wafungue Birrificio Italiano huko Lurago Marinone, fahari ya bia zao imekuwa ni uhai na ubichi wake. Pilsna ya Arioli, Tipopils, huongezwa hopsi baada ya kuchachuka, na ndiyo iliyowatia hamu Wamarekani wa kiwanda cha Firestone Walker kutengeneza pilsna yao wakiifuata. Kwa hiyo sheria hiyo inailinda bia iliyo karibu na kiwanda chake, lakini haiisaidii hata kidogo ikishapanda ndege kuja Pwani.

Msidhani kwamba bia ya Nairobi imekaa nyumbani muda wote. Kimea chake huenda ni cha shayiri ya Mau Narok au Timau, lakini hopsi huhitaji majira ya baridi na siku ndefu za kiangazi ambazo sisi wa ikweta hatunazo, kwa hiyo huagizwa kutoka ng'ambo. Tofauti ni kwamba hopsi husafiri ikiwa imekaushwa, imekandamizwa na kufungwa bila hewa, tena katika ubaridi. Hapo safari haiumizi sana. Bia iliyokwisha kuwa bia ndiyo inayoumia.

Kuhusu haki, ningeanza kwa kuacha kabisa kulinganisha Italia na Nairobi, na kwanza mlipime joto lenyewe. Nunueni chupa za bia moja zenye tarehe moja ya kufungwa. Nusu ziwekeni katika jokofu, nusu katika kabati la chumba chenye joto, na baada ya wiki mbili zitieni zote katika jokofu usiku mmoja ili ubaridi uwe sawa. Kisha fanyeni jaribio la glasi tatu, ambalo lilikuzwa katika kiwanda cha Carlsberg huko Copenhagen katika miaka ya 1940. Kila mwonjaji hupewa glasi tatu zisizo na jina. Mbili zina bia moja na ya tatu ina bia nyingine, na kazi yake ni kuitaja iliyo tofauti. Mtu asiyejua lolote atapatia mara moja katika kila tatu kwa bahati tu, kwa hiyo mkiwa sita, msiamini kwamba mmeweza kuzitofautisha mpaka watano wapatie. Mililita 50 kwa kila glasi zinatosha. Kwa watu sita hizo ni mililita 900 kwa jumla, yaani chupa mbili ndogo za kila upande na ziada ya kumaliza ubishi. Watatu wapewe mbili za jokofu na moja ya kabati, na watatu wapewe kinyume chake. Anayemimina asiwe miongoni mwa wanaoonja, wala asisimame karibu nao na kuwatazama usoni.

Mkishindwa kuzitofautisha, basi wewe na shemeji yako mwaweza kuendelea kubishana kuhusu ufundi wa Waitaliano na wa Wakenya bila kusingizia safari. Mkiweza, mtajua sehemu gani ya ubishi wenu ilitoka katika kabati.

Alama ni jambo la baadaye. Binafsi sizipendi, kwa sababu mtu akishaandika 7 huacha kufikiri. Lakini hesabu ina heshima yake katika kazi hii: W. S. Gosset, aliyekuwa mwajiriwa wa Guinness huko Dublin, alichapisha mwaka 1908, kwa jina la bandia la Student, mbinu ya kutoa uamuzi kutokana na vipimo vichache, na wanafunzi wa takwimu duniani kote huifanyia mitihani hadi leo bila kukumbuka kwamba chanzo chake ni kiwanda cha stauti, bia nyeusi.

Mtumishi wa Hoteli (Shela, Lamu) alijibu:

Mimi sinywi, kwa sababu ya dini yangu, kwa hiyo sitasema lolote kuhusu ladha. Lakini utunzaji wa stoo ya vinywaji ndiyo kazi yangu, na malalamiko ya wageni huja kwangu kabla hayajafika kwa meneja, na ningependa kuongeza jambo kuhusu mwanga, ambao Mzee Mstaafu ameutaja kwa neno moja tu.

Bidhaa zetu huja kwa lori kupitia Garsen hadi Mokowe, kisha hupakiwa botini. Mahali pa hatari ni gatini, pale kreti zinapowekwa wazi zikisubiri maji yajae au nahodha amalize chai. Mwanga wa jua hugonga zile chembe za hopsi zinazoleta uchungu na kuzivunja, na kinachotokea ni kemikali yenye salfa ambayo pua ya binadamu huinasa hata ikiwa kidogo mno. Wageni wa Kimarekani huilinganisha na harufu ya mnyama wao aitwaye skunk. Kwetu mtu angesema kicheche amepita. Haihitaji siku nzima. Katika chupa nyeupe au ya kijani, dakika chache za jua la saa sita zinatosha, ilhali chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, na kopo huuzuia wote. Kuna viwanda vikubwa vinavyotumia hopsi iliyobadilishwa kikemia ili bia yao ikae katika chupa nyeupe bila kuharibika, lakini si jambo la kulitegemea kwa bia ya kiwanda kidogo. Kwa hiyo mimi hufunika kreti kwa turubai tangu Mokowe, na nikiwa na hiari huagiza makopo. Baadhi ya wageni huyadharau makopo kwa kudhani yanatia ladha ya bati, ilhali ndani yamepakwa utando unaotenganisha bia na chuma.

Jambo la pili ni umeme. Wengi huamini kwamba bia iliyopoa ikipata joto na kupozwa tena huwa imekufa. Kupanda na kushuka kwenyewe si tatizo. Kinachohesabika ni jumla ya saa ambazo bia imekaa katika joto. Umeme ukikatika kwa saa mbili na mlango wa jokofu ukabaki umefungwa, hakuna hasara ya maana. Kinachoharibu ni mtu wa kufungua kila baada ya dakika tano kuona kama bado ni baridi.

Chupa zisimame wima, hasa zenye mashapo ya hamira chini, na anayemimina aache kidole kimoja cha bia chupani, isipokuwa kwa bia za ngano ambazo wenyewe hupenda zikiwa na ukungu. Na kwa wageni wenu watakaopenda kufanya kikao kama hicho huku Lamu, nawaomba wafanye ndani ya nyumba au hotelini na wabebe chupa zao katika kikapu kilichofunikwa, kwa kuwa vichochoro vyetu ni vyembamba na msikiti hauko mbali.

Mjukuu wa Mgema (Kaloleni) alijibu:

Shikamoo Mzee Mstaafu. Nimekusoma kwa makini, na sina ubishi na kemia yako, lakini naona kama umeondoa katika kulinganisha kile ambacho ndugu Mkaazi alikifuata Lombardia. Mtu anayefunikwa lebo, akapewa mililita 50, akatakiwa ataje glasi iliyo tofauti, anafanya mtihani. Hanywi bia.

Mimi nimelelewa katika nyumba ya ugemaji, na mnazi ni kinywaji ambacho hakijawahi kudai kuwa kinaweza kusafiri. Mgema hupanda asubuhi na jioni, na utomvu ulioanza kudondoka usiku tayari una hamira ya porini kabla haujateremshwa. Asubuhi ni tamu hata wazee wasiopenda kulewa huagiza. Kufikia alasiri umekolea. Kesho yake umeingia uchachu, na ukiachwa zaidi huishia kuwa siki ya kachumbari. Hakuna mtu wa kwetu atakayekuuliza mnazi wa Kaloleni unalinganaje na wa Mambrui bila kwanza kukuuliza uliunywa saa ngapi. Saa ni sehemu ya jina lake. Kwa nini bia ya Lurago Marinone isihukumiwe vivyo hivyo, kwamba yenyewe ni ile inayonywewa pale, na inayofika Malindi ni kitu kingine kinachostahili hukumu yake?

Nilipopata nafasi ya kufika Ubelgiji nilikwenda Anderlecht, mjini Brussels, kwenye kiwanda cha Cantillon kilichoanzishwa mwaka 1900. Hao hawatii hamira kabisa. Uji wa kimea na ngano huachwa usiku katika sinia kubwa la shaba chini ya paa ili upoe na kupokea vijidudu vya hewani, na kwa sababu hiyo hupika katika miezi ya baridi tu, wakati hewa ya usiku haina bakteria wengi waharibifu. Kisha bia hukaa katika mapipa ya mbao, na ile iitwayo gueuze ni mchanganyiko wa pipa la mwaka mmoja, la miaka miwili na la miaka mitatu. Nilipoionja nilijikuta nyumbani: uchachu ule, na ule ukavu wa mwishoni, babu yangu angeutambua papo hapo, ingawa angeshangaa kuambiwa kwamba kilichomchukua yeye siku mbili kiliwachukua wao miaka mitatu. Ulinganisho wa namna hiyo, wa vinywaji viwili vinavyoachia hamira ya mahali ifanye kazi, unanifunza mengi kuliko kujua kama watu watano kati ya sita wamepatia glasi.

Nao watu wa Köln hulinda jina la Kölsch lisitumiwe na kiwanda cha nje ya eneo lao, na huinywa katika glasi nyembamba za mililita 200 ambazo mhudumu huzileta moja baada ya nyingine bila kuulizwa, mpaka mteja afunike glasi yake kwa kile kikadi cha kuwekea glasi. Udogo wa glasi una maana: bia hiyo haipati nafasi ya kupata joto wala kupoteza povu. Ukiimimina katika kikombe cha nusu lita hapa Malindi, umeshaibadilisha kabla ya kuionja, hata kama ilisafiri katika barafu.

Mstaafu wa Maabara (Watamu) alijibu:

Marahaba, mwanangu. Hatuko mbali kama unavyodhani. Ndugu Mkaazi ana maswali mawili aliyoyafunga pamoja. La kwanza ni kama alichokisikia kinatoka katika bia, na hapo hakuna njia isipokuwa kufunika lebo. La pili ni ipi aliyoifurahia zaidi, na hapo Alpi, mazungumzo na glasi vina haki ya kuhesabiwa. Shemeji yake alitoa hukumu juu ya ufundi wa Waitaliano kwa ushahidi wa chupa iliyochoka, na hilo ndilo ninalolipinga.

Kuhusu mnazi nakubaliana nawe kabisa, na nakupa nyongeza ya kikemia: mnazi hauna hopsi. Hopsi huzuia aina nyingi za bakteria wanaochachisha, na ndiyo sababu Waingereza waliongeza kiasi chake katika bia walizozipeleka India kwa meli. Lakini hopsi haizuii joto wala oksijeni, kwa hiyo ilipofika Bombay bia ilikuwa salama kwa kunywa bila kuwa sawa na ilivyotoka London. Watu wanaosifu IPA (India Pale Ale, jina la bia hizo za India) kwamba ni bia iliyozaliwa kwa ajili ya safari, kisha wakaihifadhi mwaka mzima kabatini, wamechukua nusu ya historia. IPA ya siku hizi huthaminiwa kwa harufu yake, na ndiyo ya kwanza kunywewa, ikiwezekana katika wiki chache za mwanzo.

Dereva wa Watalii (Malindi) alijibu:

Kwa upande wa mizigo, kwa kuwa hakuna aliyeligusa. Chupa ziende katika sanduku la chini ya ndege, kwa sababu katika viwanja vingi vya ndege vimiminika vya zaidi ya mililita 100 huzuiwa katika mkoba wa mkononi. Kila chupa ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, kisha izungushiwe kikoi au suruali nzito, na ikae katikati ya nguo mbali na kingo za sanduku. Kutoka Nairobi kwa barabara, mimi hutumia sanduku la povu gumu kama yale ya wavuvi, nikaweka chupa za maji zilizogandishwa badala ya barafu tupu, ili lebo zisiloe na tarehe zisifutike. Na hiyo tarehe isomwe dukani kabla ya kulipa. Bia ya hopsi nyingi yenye miezi sita rafuni isinunuliwe hata ikiwa nusu bei.

Za kubeba kutoka mbali ni zile ambazo umri hauzitishi: stauti kali zenye asilimia 9 ya alkoholi au zaidi, bia nzito za Kiingereza za kukaa miaka, na hizo gueuze alizozitaja ndugu wa Kaloleni. Orval ya watawa wa Ubelgiji pia inafaa, kwa kuwa hutiwa hamira ya porini wakati wa kufungwa chupani na hubadilika mwezi baada ya mwezi. Ukinunua mpya na nyingine ya mwaka mmoja una ulinganisho tayari mfukoni. Bia ya moshi ya Bamberg, Schlenkerla, ambayo kimea chake hukaushwa kwa moto wa kuni, nayo huvumilia, ingawa mke wangu alidai nimefungua kopo la samaki. Pilsna na IPA zinywewe huko huko.

Mkaazi wa Casuarina (Malindi) aliandika tena:

Nawashukuru wote. Shemeji amesoma na amekubali jaribio la kabati, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayechagua bia, nami nimekubali kwa sharti kwamba mke wake ndiye atakayemimina. Nimebaki na swali moja. Kwa kawaida kikao chetu huwa na samaki wa kupaka, achari ya embe na pilipili ya kutosha. Je, tule kwanza, au tuonje kwanza? Na siku tutakapoonja aina kadhaa bila jaribio la glasi tatu, tuanze na ipi?

Mstaafu wa Maabara (Watamu) alijibu:

Onjeni kwanza. Pilipili huufanya uchungu wa hopsi na ukali wa alkoholi usikike zaidi ya ulivyo, na achari itauficha uchachu wowote. Wekeni mkate mtupu na maji ya kunywa mezani, na vyakula vije baadaye. Hapo ndipo mtakapogundua, kwa mfano, kwamba bia ya ngano inayokaa vizuri na tui la samaki si ile iliyosifiwa zaidi ilipokuwa peke yake.

Mpangilio uende kutoka nyepesi hadi nzito, na kutoka yenye uchungu mdogo hadi yenye uchungu mkubwa. Bia zenye uchachu ziwekwe karibu na mwisho, na ya moshi iwe ya mwisho kabisa, kwa kuwa baada yake ulimi hautatambua kitu kingine. Msizidishe aina tano. Laga zimiminwe zikiwa kati ya nyuzi 4 na 7, na eli na stauti ziachwe zifike nyuzi 10 hivi, jambo ambalo Malindi huchukua dakika chache tu nje ya jokofu. Kama mnaweza kusubiri, fanyeni mwezi wa Julai au Agosti wakati wa kusi, maana wakati wa kaskazi glasi ya kwanza na ya mwisho zitakuwa na joto tofauti hata mkifanya haraka.

Glasi zioshwe kwa sabuni isiyo na manukato, zisuuzwe mara kadhaa, na maji ya mwisho yawe ya bomba kutoka Baricho au ya chupa. Nyumba nyingi za Casuarina zina visima vyenye chumvi, na maji hayo huacha madoa ndani ya glasi. Ziacheni zikauke kwa hewa zikiwa zimefudikizwa juu ya waya. Kitambaa cha jikoni kina mafuta ya samaki hata kikionekana safi, na mafuta hayo hulivunja povu kabla mwonjaji hajaifikisha glasi puani.